Mfadhili anaondoka Desemba, mafunzo ya wakulima wetu tutayaendeshaje?

"Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mratibu wa kikundi huku Kigamboni, tupo watu 24, wengi akina mama. Miaka miwili iliyopita tulipata mfadhili akatupa milioni 46 tufundishe wakulima wadogo bustani za mboga na ufugaji wa kuku wa kienyeji. Tumefanya semina, watu 310 wamepita, ripoti na picha zote tumepeleka. Mradi unaisha Desemba na mfadhili kasema haongezi. Sasa hivi hata shamba darasa letu limeota majani. Nimeshauriwa mengi, mmoja anasema tusajili NGO ndo hela zinakuja, mwingine anasema tuombe ile asilimia 10 ya halmashauri, mwingine anasema kwenye andiko jipya la kuomba ufadhili tuweke bajeti kubwa kwa sababu lazima wataikata. Afisa ugani wetu ni mzuri ila kila tukimwita anaomba mafuta na watu wanasema hiyo ni rushwa. Na wakulima siku hizi hawaji bila posho. Nimeambatanisha bajeti yetu ya zamani. Tufanyeje hii kazi isife?"

Marahaba mdogo wangu. Nimesoma swali lako na bajeti nimeipitia mstari kwa mstari, nashukuru umeituma maana wengi wanaouliza habari za hela huwa hawaonyeshi za mwanzo zilikwenda wapi. Ninavyokuelewa hofu yako ni kwamba Desemba ikifika kila kitu kinasimama, na dalili umeshaiona kwenye hilo shamba darasa. Hebu tuanzie hapo hapo, kwa sababu shamba limeota majani wakati hela bado ipo. Kwa hiyo kuondoka kwa mfadhili hakuwezi kuwa ndo chanzo, chanzo kipo ndani ya mpango wenyewe na kinarekebishika.

Angalia bajeti yako. Katika milioni 46, posho na nauli za washiriki zilichukua milioni 14, ukumbi na chakula 9, malipo ya waratibu wawili kwa miezi 24 yakachukua 10, mwezeshaji wa kutoka nje 6, tisheti na mabango na ile siku ya uzinduzi milioni 3 na nusu, ripoti na mawasiliano milioni moja na nusu, halafu mbegu, chanjo, keni za kumwagilia na vifaa vyote vya shamba kwa pamoja milioni 2. Sikulaumu wewe, fomu za wafadhili wengi zinamsukuma mtu huko huko, semina ina tarehe, ina mahudhurio, ina picha, inaingia kwenye ripoti vizuri. Lakini jumlisha posho, ukumbi na tisheti unapata milioni 26 na nusu, zaidi ya nusu ya hela yote, na kile ambacho mkulima angekiona kwa macho yake shambani kikapata milioni 2 kwa miaka miwili.

Sasa kwa nini hilo ni tatizo. Mkulima mdogo akisikia ushauri mpya halafu hafanyi, watu husema ni mbishi au haelewi. Mara nyingi kaelewa vizuri sana, ila anapiga hesabu ya hasara. Mama mwenye matuta sita ya mchicha, mchuuzi anakuja kuchukua alfajiri, ukimwambia aache kumwaga mbolea mbichi ya kuku atumie iliyooza, yeye anawaza hivi: mchicha ni wiki tatu hadi nne uko sokoni, ukinidumalia mzunguko huu hela ya kodi na ya shule ya mtoto naitoa wapi? Hilo swali semina ya ukumbini haiwezi kulijibu hata mwezeshaji awe profesa. Linajibiwa na tuta la jirani yake, lile lile la udongo wa pale pale na maji ya kisima kile kile, akilipita kila siku akienda kuchota maji anaona linavyokwenda.

Kuna kisa cha Marekani ambacho napenda kuwasimulia watu wanaopanga programu za ugani. Mwaka 1903, mji wa Terrell huko Texas, Seaman Knapp wa Wizara ya Kilimo ya kule alitaka mkulima mmoja alime kwa kufuata maelekezo mapya shambani kwake mwenyewe, sio kwenye shamba la serikali. Hofu ikawa ile ile ya hasara. Wafanyabiashara wa pale mjini wakachangishana mfuko wa dhamana, wakakubaliana kwamba mkulima akipata hasara kwa sababu ya kufuata maelekezo atafidiwa. Mkulima aliyejitolea akaitwa Walter Porter, msimu ukaisha na faida, fidia haikuhitajika, na majirani wakawa wameona. Hela kidogo ya watu wa pale pale, iliyowekwa mahali sahihi, yaani kwenye hofu ya mkulima. Mwaka 1914 nchi ile ikapitisha sheria ya Smith-Lever, serikali kuu ikawa inatoa fungu la ugani kupitia vyuo vya kilimo kwa sharti kwamba jimbo nalo litoe la kwake, na wilaya zikawa zinachangia pia. Hilo sharti la kila ngazi kuweka mkono mfukoni ndo limefanya mfumo wao uvuke miaka 100.

Na upande wa pili kuna mfumo wa Mafunzo na Ziara ambao Benki ya Dunia iliusukuma nchi nyingi, za Afrika zikiwemo, kuanzia miaka ya 1970. Ulikuwa umepangwa vizuri, afisa anafundishwa kila baada ya muda fulani, halafu anazungukia wakulima viongozi kwa ratiba maalumu. Mikopo ilipoisha nchi nyingi zikashindwa kulipa mafuta, magari na maafisa wote wale, ukafifia. Utaalamu haukuwa na tatizo kubwa, ila gharama za kila mwaka hazikuwa na mwenyewe.

Hili ndo jibu langu kwako kwa ufupi kabla sijaenda kwenye maswali yako moja moja. Programu ya kufundisha wakulima ina mafungu mawili ya gharama, na watu wanayachanganya. Kuna gharama za kuanzia, hizi unazitoa mara moja: kuwafundisha wawezeshaji wenu, kununua friji ndogo ya chanjo au kuboresha kisima, kuandaa vitini, kufanya utafiti wa mwanzo. Halafu kuna gharama za kila msimu, hizi hazina mwisho: mbegu ya shamba darasa, chanjo, nauli ya anayezungukia wakulima, mafuta ya afisa, vocha ya simu. Mfadhili mpe za kuanzia. Za kila msimu zipunguze mpaka zifike kiwango ambacho watu wa hapo hapo, yaani wakulima wenyewe, kikundi na halmashauri, wanaweza kuzibeba, na mkubaliane nani anabeba ipi kabla hata hamjaomba shilingi kwa mtu. Kama kuna shughuli ya kila msimu ambayo hamna mtu wa pale aliyekubali kuibeba, bora msiianzishe kabisa.

Nikupe mfano kwenye kuku maana ndo rahisi kuuona. Kideri unakijua, ule ugonjwa wa kuku wa Newcastle, kikipiga mtaa kinasafisha mabanda, na mama aliyepoteza kuku kumi kwa wiki hawezi kukusikiliza habari za chakula bora cha kuku. Chanjo ya I-2 ya matone inatolewa tone moja jichoni kila baada ya miezi mitatu, inavumilia joto kuliko chanjo za zamani (isikudanganye, bado inatakiwa ikae kwenye ubaridi na isipigwe jua), na mtu asiye daktari akifundishwa vizuri anaweza kuitoa. Tuseme mna mitaa mitatu, kaya 150, kila kaya kuku kumi, hao ni kuku 1,500. Mkikubaliana shilingi 100 kwa kuku, na hii ni bei ya mfano tu, mzunguko mmoja unaleta shilingi 150,000, na kwa mwaka mizunguko minne ni 600,000. Humo mnanunua chanjo, mnawapa wachanjaji wenu malipo ya kazi yao, na kinachobaki kinasubiri mzunguko unaofuata. Mchanjaji akipita nyumba kwa nyumba ndo huyo huyo anaangalia banda, anaulizwa maswali, anafundisha kidogo kidogo, na hapo elimu imelipiwa na kuku wenyewe. Ila kaeni na afisa mifugo wenu mpige hesabu kwa bei halisi ya chanjo na idadi halisi ya kuku, kaya nyingine zina watatu na nyingine arobaini. Tena bei ya chupa ni ile ile umechanja kuku wote wa dozi zile au robo yake, na ikishachanganywa haikai, kwa hiyo lazima watu wachanje siku moja mtaa mzima. Kupanga hiyo siku moja ni kazi ngumu kuliko kuchanja kwenyewe, mtumieni mwenyekiti wa mtaa na vipaza sauti vya msikitini na kanisani.

Mboga ni ngumu zaidi kulipisha na sitaki nikufiche. Ushauri wa tuta la mchicha huwezi kuutoza shilingi 100, jirani anauona bure kwa kupita njiani, na ndivyo tunavyotaka. Hapo gharama lazima ishuke badala ya kulipwa. Shamba darasa liwe kwenye bustani ya mkulima mwenyewe anayevuna na kuuza, kikundi kinampa mbegu na ile dhamana kama ya Terrell: tuta la majaribio likifeli anafidiwa thamani ya mchicha wa tuta moja. Mfuko huo mnaweza kuuchanga ninyi wenyewe 24. Shamba lenu la sasa limeota majani kwa sababu ni la mradi, hamna anayeamka asubuhi kulimwagilia kwa faida yake. Na kwa Dar kuna la ziada, kuazima kiwanja cha mtu. Leo mnalima, kesho mwenyewe kapata mteja, wapimaji wanakuja na bikoni zao mchicha ukiwa haujafika hata wiki mbili. Ukiazima eneo, andikeni makubaliano mbele ya mtendaji wa mtaa kwamba hamtaondolewa kabla ya mavuno. Pimeni na maji pia, visima vya huko kwenu karibu na bahari vingi vina chumvi, na mkulima akiona shamba darasa linamwagiliwa maji ya bomba wakati yeye ana kisima cha chumvi hatoamini chochote mtakachomwonyesha, na ana haki.

Tuje kwenye posho sasa. Wakulima hawajaharibika, walifundishwa na miradi, yenu ikiwemo, kwamba kukaa kwenye kiti ni kazi inayolipwa. Tofautisheni mambo matatu. Kumrudishia mtu nauli aliyoitoa kweli ni haki. Maji na kitu cha kutafuna kwenye kikao kirefu ni utu. Posho ya kukaa ndo ya kuondoa, na inaondoka kirahisi zaidi ukiondoa kikao chenyewe. Hamieni shambani, mahali pa kutembea kwa miguu, lisaa limoja na nusu, muda ambao akina mama wamemaliza kumwagilia na jua halijakolea, kila wiki kwa mzunguko mmoja wa zao halafu mnapumzika. Hivo ndo shamba darasa lilivyoanza Indonesia mwaka 1989 kwenye mpunga, FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, ikisaidia: wakulima wanakutana kila wiki msimu mzima, wanahesabu wadudu kwenye shamba halisi, wanaamua wenyewe wapige dawa au wasipige. Wiki za kwanza watapungua sana, nakwambia mapema usije ukakata tamaa. Kwenye ripoti 15 wanaokuja bila posho wataonekana wachache kuliko 60 wa ukumbini, na hao 15 ndo utakaowakuta wanafanya. Ila usivuke mpaka ukawataka wachanjaji na wakulima viongozi wafanye kazi bure miaka nenda rudi, huyo anatoa muda wake kwa ajili ya wengine, lazima apate kitu na kiwe kwenye mpango.

Hapo nakuja kwenye hao 310. Mwaka 1975 mtaalamu wa ugani wa Marekani, Claude Bennett, alipanga matokeo ya programu kwenye ngazi saba: rasilimali mlizoweka, shughuli, watu walioshiriki, walivyopokea, walichojifunza na mtazamo wao, walichobadilisha kwenye kazi zao, na mwisho maisha yao yamekuwaje. Kwa ulivyonieleza, ripoti yako imeishia ngazi ya tatu. Mfadhili hana pa kushika ili aongeze. Kwa hiyo kabla ya Desemba, na hii haihitaji hela nyingi, chukua daftari la mahudhurio uchague kila jina la kumi, utapata kaya 31. Nendeni mkazione kwa macho, usiwapigie simu maana kwenye simu kila mtu anasema nafanya. Mboji ipo au haipo, kuku wamechanjwa lini, banda lina kiota au bado wanalalia chini ya kitanda, na walioacha waliacha kwa nini. Kama kati ya hao 31 tisa tu ndo wamebadilisha kitu, andika tisa. Andiko linalosema tisa kati ya 31 walibadilika, 14 walishindwa kwa sababu ya maji, na sasa tunaanza na maji, lina nguvu kuliko andiko la watu 310 wenye tisheti. Sisi wenyewe nchi hii tulishawahi kulifanya hili kwa ukubwa: Mtu ni Afya ya mwaka 1973, wiki 12 za redio, vikundi vya kusikiliza mpaka vijijini, kila kikundi na kiongozi na kijitabu, washiriki wanakadiriwa kufika milioni 2. Kila baada ya kipindi watu walijadili halafu wakaenda kufanya kitu cha kuonekana, kuchimba choo, kufyeka, kufukia maji yaliyotuama. Kipindi chenyewe kilikuwa kifupi, kazi ilikuwa baada ya redio kuzimwa.

Kuhusu afisa ugani na mafuta. Huyo kaajiriwa na halmashauri, mshahara analipwa na serikali, na kumshauri mkulima ni kazi yake, kwa hiyo akidai hela ili atoe ushauri hiyo ni rushwa na hamna jina lingine. Lakini hali halisi mara nyingi ni kwamba pikipiki ipo, serikali iligawa pikipiki kwa maelfu kwa maafisa ugani mwaka 2022, mafuta ya kuizungusha kata nzima ndo hayatoshi. Dawa yake ni kuliweka hadharani. Kikundi kiandike barua kwa Mkurugenzi wa manispaa kupitia idara ya kilimo na mifugo, mseme mnaomba afisa awe na ratiba ya kuwatembelea mara mbili kwa mwezi na ninyi mtachangia mafuta ya safari hizo, lita kadhaa, mnajaza ninyi wenyewe kituoni na risiti inabaki kwenye faili la kikundi. Hamna bahasha. Bosi wake anajua, wanakikundi wanajua, maneno yataisha, na yeye mwenyewe atakuwa amelindwa. Idara ikikataa kujibu, mpelekeeni diwani nakala.

Asilimia 10 ya halmashauri, hapa umeshauriwa vibaya. Hiyo ni asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, ilisimamishwa 2023 kisha ikarudi 2024 kwa utaratibu mpya. Haina riba, lakini ni mkopo, unarudishwa. Elimu kwa jamii haizalishi hela ya marejesho, mkichukua mkopo mkaendeshea semina mtauza kuku zenu kulipa. Unafaa kwa kitu kinachouzwa: wanawake kumi wa kikundi wakianzisha kuangua na kuuza vifaranga vilivyochanjwa, hapo sawa kabisa, na hiyo biashara inaweza kutenga sehemu ya faida kubeba gharama za kila msimu. Kaone afisa maendeleo ya jamii wa kata akupe masharti ya sasa, usifuate ya mtu aliyekopa miaka ile maana yamebadilika.

NGO je? Usajili haukuletei hela, unakufungulia mlango wa kuomba baadhi ya hela. Mkishakuwa NGO chini ya sheria ya 2002 mna ripoti ya kila mwaka kwa msajili, ada ya mwaka, hesabu zinazokaguliwa, na hizo zote ni gharama za kila msimu nilizokuwa nazisema, tena hazimfikii mkulima hata mmoja. Kwa kikundi cha watu 24 ambacho kazi yake iko kata mbili tatu, mimi ningebaki na usajili wa kikundi halmashauri, nikae na mahesabu safi miaka miwili, na pale itakapojitokeza ruzuku kubwa nishirikiane na asasi iliyosajiliwa tayari, yeye awe mwombaji sisi watekelezaji, kwa mkataba wa maandishi. Kama ndani ya kikundi mnaweka na kukopeshana kama vikoba, hilo lina usajili wake chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, lishughulikieni kando.

Na huyo aliyesema mweke bajeti kubwa kwa sababu itakatwa, usimsikilize hata kidogo. Mtu anayesoma maandiko kila siku anajua bei ya ukumbi Kigamboni na bei ya lita ya mafuta. Akiona mstari mmoja umevimba anaacha kuamini yote, hata iliyo kweli. Na wakikupa yote uliyozidisha ndo balaa zaidi, utaanza kutafuta pa kuitumia, ndo zinapozaliwa tisheti. Weka bei halisi, na karibu na kila mstari andika nani anaubeba mradi ukiisha. Huo mstari wa mwisho wachache sana huuweka, na mkaguzi yeyote makini ataona mmefikiri.

Hela yenyewe itoke wapi. Ningeanza na halmashauri kwa njia ya mipango, ni polepole lakini ikiingia inarudi kila mwaka. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, Bunge la bajeti ni Aprili hadi Juni, lakini ukienda kugonga mlango Aprili umechelewa sana, rasimu za halmashauri zinapikwa Januari na Februari na mahitaji yanatoka mitaani na kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata kabla ya hapo. Kwa hiyo kuanzia Oktoba hakikisheni hoja ya chanjo ya kideri na shamba darasa imesemwa kwenye mkutano wa mtaa, imeandikwa kwenye muhtasari, na mtendaji wa kata anayo. Msiombe fungu jipya kubwa, ombeni kitu kidogo kinachotajika, mfano mafuta ya afisa kwa kata yenu na siku nne za chanjo. Uwezekano wa kukataliwa mwaka wa kwanza ni mkubwa, rudieni na takwimu za zile kaya 31.

Foundation for Civil Society wapo hapa hapa Dar na hutoa ruzuku kwa asasi za kiraia, ushindani ni mkali na wanataka mahesabu yaliyonyooka. Taasisi za kijamii za mabenki na makampuni zinatoa, nyingi hupenda kitu cha kukabidhiwa siku moja, basi waombeni cha kuanzia kama friji ya chanjo, msiwaombe mishahara. Kampuni za mbegu na viuatilifu zitakuja na mbegu za bure na mtu wa kufundisha, zipokeeni lakini kwa sharti kwamba mbegu yao inapandwa kando kwa kando na mbegu wanayotumia wakulima siku zote, zote ziwe na lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, na anayepima mavuno ni kikundi. Wakikataa hilo wanatafuta duka, hawatafuti darasa. Msisahau vyuo: wanafunzi wa kilimo wanatafuta mahali pa mafunzo kwa vitendo, Chuo Kikuu cha Sokoine (SUA) Morogoro sio mbali, na TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo, wana kituo Mikocheni, barua moja ya kuomba mtaalamu wa siku moja haigharimu kitu.

Kuna mambo ambayo usiyamalize kwa kusoma majibu ya mtu kama mimi, nenda kamwone mtu uso kwa uso. Kuku wakianza kufa kwa wingi usichanje kwanza, mwite daktari wa mifugo, chanjo haimtibu kuku aliyekwisha kuambukizwa na huenda ugonjwa ni mwingine. Mkulima akipata kizunguzungu au kutapika baada ya kupiga dawa ni hospitali mara moja, pamoja na chupa ya dawa. Mkataba wowote wa mfadhili ulioandikwa Kiingereza kikundi hakijauelewa, tafuteni mwanasheria au asasi ya msaada wa kisheria kabla ya kusaini, hasa vifungu vya kurudisha fedha. Na mfadhili wenu wa sasa akihoji matumizi yoyote wakati wa kufunga mradi, tafuta mhasibu mwenye sifa apitie vitabu kabla hujajibu kwa maandishi.

Wiki hii anza na mawili, daftari la mahudhurio kwa ajili ya zile kaya 31, na barua ya afisa ugani. Ukienda idara ya kilimo nenda na katibu na mweka hazina, mbebe cheti cha usajili wa kikundi, katiba, muhtasari wa kikao kilichopitisha ombi, na taarifa ya benki ya miezi sita. Barua iwe nakala mbili, wakipokea wagonge muhuri nakala yenu ionyeshe tarehe, hiyo ndo utakayorudi nayo baada ya wiki mbili kama hamjajibiwa.